Jicho Halifuati Mkondo wa Maji

Kafr Sindyan,
Kusini mwa Lebanon.
22 Agosti 2004

Mpendwa mwanangu Nuhad,

Salamu zangu zikufikie huko Abidjan mlikokimbilia kutoka Bouaké, wewe na mumeo Fawwaz na binti yako Lamis, na mtoto wake Jumana, yule mgeni mdogo aliyezaliwa juzijuzi, ambaye bado sijamwona hata kwenye picha. Hamjambo? Nyumba mliyopata ina nafuu kuliko ile ya kwanza? Habari za huko tunazisikia redioni. Wakitaja risasi, namwambia mwanangu Hilal aizime; kisha namwambia aiwashe tena.

Mimi ami yako nipo, kwa namna ambayo wazee huwapo. Miguu imejaa maji na pumzi imekuwa fupi. Daktari wa mjini Sur amenibadilishia vidonge mara kadhaa, na safari ya mwisho alimwita Hilal nje, wakazungumza huko kwa sauti ya chini. Mgonjwa akishazungumziwa nje ya mlango hana tena la kuuliza. Naandika asubuhi kabla ya joto, mistari michache, napumzika, naendelea. Ukiona mwandiko unayumba, usidhani ameandika mtu mwingine.

Nyumba ya babu yako imezibwa nyufa za mabomu, imebaki rangi tu. Mitini imezaa sana mwaka huu hata nyigu wamelewa. Mkwe wangu Raghida, mke wa Hilal, amelima tumbaku tena, na baraza lote limejaa majani. Ukipita lazima uiname. Jirani yetu Umm Nayif bado yu hai. Meno yamekwisha, lakini ulimi umeongezeka.

Sasa nije kwenye barua yako. Imekaa chini ya mto wangu tangu ilipofika, na nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika.

Jambo la kwanza umeliandika kwa herufi kubwa na furaha: kwamba vita vimewachosha, mnafikiria kurudi, na unauliza kama utaweza kulima maua katika shamba la marehemu baba yako, lile la chini ya lambo, uuze kwa arusi na kwa makaburi, kwa kuwa, umesema, watu hawataacha kuoa wala kufa. Nilicheka. Hapo nilimsikia mama yako.

La pili umeliandika pembeni, kwa herufi ndogo, kana kwamba hukutaka kalamu isikie. Umeuliza kama watu wa hapa bado wanayakumbuka macho ya mama yako, kwa sababu mjukuu wako Jumana ameyarithi yale yale ya kijani. Umesema mama yako Zumurrud, Mungu amrehemu, hakuwahi kumtazama mtoto wako hata mmoja akiwa ananyonya. Aligeukia ukutani akauliza, "Ameshiba?" Na umesema kwamba juzi Jumana alikuchekea, nawe ukajikuta umegeuza uso.

Maswali yako mawili yana jibu moja, Nuhad. Nimelikalia tangu ukiwa mtoto mdogo. Nakuandikia kabla sijalilalia kaburini.

Kilichoiua tumbaku ya baba yako hakikuwa jicho la husuda. Ulikuwa ugonjwa wa mizizi na shina. Niliuleta mimi, niliutambua mimi, na nilipoulizwa mbele ya watu nilisema siujui.

Nitakueleza kwa utaratibu, maana nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na sijui njia nyingine.

Masika ya mwaka 1966 nilikuwa mtu pekee wa kijiji hiki aliyesomea kilimo mjini. Watu waliniletea majani yenye madoa yamefungwa kwenye leso, kama mtu anayempelekea tabibu mtoto. Nikitaja jina la ugonjwa, walirudi nyumbani wameridhika hata kama dawa hawakuwa nayo. Bibi yako Hajja Badia aliutembeza usomi wangu kijijini kama bangili mpya. Kila nyumba aliyoingia, mkono ulitangulia.

Mke wangu Ilham alikuwa mtoto wa pwani, na huku mlimani alinyong'onyea. Alitaka maua. Nikamletea petunia kutoka bustani moja ya miche karibu na bahari, nyeupe na za zambarau, zimepandwa kwenye madebe ya mafuta. Tukazipanga barazani. Watu walipita kuziangalia. Petunia na tumbaku ni ukoo mmoja, na kinachomuua mmoja humuua na mwenzake. Hilo nilikuwa nimelisoma darasani, na kwenye mtihani nililijibu vizuri.

Kabla ya siku za kupandikiza tumbaku, zile petunia zikaanza kulegea. Ilham akazimwagia maji. Zikazidi kulegea. Nikang'oa moja nikaitazama. Shina lilikuwa jeusi pale linapoingia udongoni, weusi wa kulowa, kama ganda la ndizi iliyosahauliwa. Nikaubana mzizi kwa vidole viwili, na ganda lake likavuka kama soksi, ukabaki uzi mtupu mkononi.

Nataka unielewe vizuri hapa. Sikushuku. Nilijua.

Mtu niliyepaswa kuwa angechoma yale maua, angechemsha madebe, na ule udongo angeufukia mahali pasipopita maji. Lakini mwanangu, niliona aibu. Maua ya mke wa mtaalamu yamemfia barazani, na wale wanawake wote waliokuja kuyasifu wangekuja kuuliza. Basi nilingoja Ijumaa, watu wako kwenye sala. Nikayabeba madebe mpaka lamboni, kwenye zile ngazi za mawe ambapo wanawake huchota maji, nikayagonga ukingoni na kuyasuuza mpaka yakang'aa. Udongo wote ukazama. Ilham aliporudi kutoka kwao akauliza, "Maua yangu yako wapi?" Nikamwambia mbuzi wamekula. Alininunia, si kwa maua, bali kwa kuwa sikuwafukuza mbuzi.

Baada ya hapo kijiji kikaanza kupandikiza. Unajua tunavyopanda: mmoja anatoboa ardhi kwa kijiti, wa pili anaweka mche, wa tatu anamimina kikombe cha maji ya lambo. Kila mche na kikombe chake. Hakuna namna nzuri zaidi ya kusambaza ugonjwa ule hata kama mtu angekaa chini aitafute. Na mvua ilikataa kuondoka mwaka huo. Lambo likafurika, na maji yaliyozidi yakapita njia yake ya siku zote, kwenye mfereji unaokata shamba la baba yako.

Mama yako alikuwa mgeni kwetu, wa kutoka ng'ambo ya mto Litani. Alikuwa na macho ya kijani na mwanya kwenye meno ya mbele, na huku kwetu vitu hivyo viwili vikikutana katika uso mmoja, watu huficha watoto wao. Lakini alikuwa mcheshi, na watu walikuwa wameanza kumsahau macho. Siku moja walikuwa shambani wakipalilia, akasimama kunyoosha mgongo, akayatazama majani akasema, "Jamani, haya majani au masikio marefu ya mbuzi wa Shamu?" Umm Nayif alikaa chini kwa kicheko.

Bibi yako hakucheka. "Sema mashallah."

"Mashallah, mama mkwe," mama yako akajibu. "Mashallah kwa majani, mashallah kwa mbuzi, na mashallah kwa mwenye mbuzi."

Wakacheka tena. Hilo ndilo lililokuja kukumbukwa. Mashallah zote tatu zilisahauliwa, wakabaki mbuzi.

Haukupita muda, shamba likaanza kuanguka. Mchana miche ililala kama iliyochapwa. Jioni, tumbaku yenye kiu huinuka, hii haikuinuka. Majani ya chini yakawa manjano. Weusi ukaanza kupanda shina kutoka udongoni. Baba yako Muhsin alipotewa na usingizi. Alifanya anachofanya kila mtu hapa akiona jani limelegea: alimwagilia. Alichota lamboni asubuhi na jioni, mabega yakachubuka. Kadiri alivyomwagilia, ndivyo lilivyokufa.

Nilikwenda pale. Niliazima kisu chake nikapasua shina moja kwa urefu. Kiini kilikuwa kimekauka na kukatikakatika vipande vyembamba, kimoja juu ya kingine, kama mikate yetu myembamba ya saji ikipangwa kwenye sinia, na rangi yake ya kahawia nyeusi. Hiyo ndiyo alama ambayo mwalimu wetu alitupasulia mbele ya darasa akasema, "Mkiiona hii, msiulize tena." Nikayafumba yale mapande mawili ya shina, nikayatupa nyuma yangu.

Bibi yako alikuwa ameshapata jibu lake. "Macho ya kijani na mwanya. Nilimwambia Muhsin kabla ya posa. Nikaambiwa, mzee wewe hujui mapenzi."

Wakachoma shabu, lile jiwe jeupe la dawa, kwenye makaa, kama tufanyavyo kuliondoa jicho. Shabu ikavimba ikapasuka, na wanawake wakainama kuangalia imechukua sura gani. Mmoja akasema ni jicho, basi wote wakaona jicho. Wakaisaga, wakaikoroga kwenye ndoo ya maji ya lambo, wakaenda nayo shambani mstari kwa mstari, wananyunyiza kwa matawi ya mzeituni, wanasoma na kunyunyiza, wanasoma na kunyunyiza. Mama yako alisimamishwa pembeni, uso amefunikwa shela ili asiharibu dawa. Wewe ulikuwa umemshika nguo.

Mimi nilikuwa kando ya ukuta wa mawe. Nilitazama wakiumwagilia ule ugonjwa kwa jina la Mungu, shina moja baada ya jingine, mpaka kwenye kona iliyokuwa bado nzima.

Ndipo baba yako akanijia, mbele ya mama yetu na majirani wote. Alinishika mkono. "Kaka, wewe ndiye uliyesomea udongo. Nasema mbele ya mama, utakalolitamka wewe ndilo. Huu ni ugonjwa au ni jicho?"

Alikuwa ananiomba nimwokoe mkewe, na alijua kwamba ninaweza. Neno moja tu lilitosha. Lakini neno hilo lingekuwa na mkia: umetoka wapi? Na mimi nilijua ulikotoka, na nikaona watu wote wanaotazama mdomo wangu wakigeuza macho kulitazama baraza langu tupu.

Nikasema, "Elimu yangu haina jina la hili."

Bibi yako akapiga makofi. "Mmesikia? Vitabu vimesalimu amri. Jicho haliuziwi dawa dukani."

Baba yako aliniachia mkono taratibu. Sidhani kama alijua nimesema uongo. Alidhani tu kwamba nimeshindwa, na alinihurumia. Hilo nalo ni zito kulibeba.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wenu. Mama yako alikatazwa kuingia shambani, kisha akakatazwa kutunga majani ya tumbaku kwenye uzi, kisha wenye watoto wachanga wakaacha kumfungulia mlango. Yeye mwenyewe aliamini. Hapo ndipo lilipo donda. Alikuja kwangu siku moja, akasimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa, akaniuliza, "Shemeji, kwenye vitabu hakuna dawa ya macho kama yangu? Hata ya kuyatia ukungu kidogo?" Nikamwambia, "Mtegemee Mungu." Yaani nilimrudisha kwa Mungu na kosa langu mikononi mwake.

Mavuno ya tumbaku yenu hayakuwapo. Mwaka haukwisha, baba yako akawachukua akawapeleka Bouaké kwa binamu yake mwenye duka, na huko wazazi wako wote wawili mmewazika, mbali na kwao.

Kwa miaka mingi nilijipa udhuru. Nilijiambia kwamba ningesema, shirika la serikali la tumbaku lingefuta vibali vya kulima vya wote waliopanda karibu na lambo, na kijiji kingelala njaa kwa sababu ya ulimi wangu. Pengine ni kweli. Lakini udhuru huo niliutunga baadaye, nikiwa nimekaa. Siku ile kando ya ukuta sikuwaza kijiji. Niliwaza madebe yangu.

Kisha vikaja vita, na miaka ya kukaliwa na majeshi, na watu wakawa na vifo vikubwa zaidi vya kuhesabu. Nilifurahi kwa siri kwamba jambo langu limefunikwa. Nakuandikia hata hilo.

Sasa kuhusu shamba. Usilime maua pale, Nuhad. Ugonjwa ule hukaa udongoni ukimngoja mwenyeji wake, na wanaolikodi shamba wamekuwa wakiulisha: wanapanda tumbaku, inaanguka, wanaacha, wanapanda tena. Mwaka jana niliomba niletewe shina moja. Nililipasua mapajani pangu. Ile mikate ya saji ilikuwamo. Na maua unayotaka kulima, mengi yake hayatasalimika. Ungemaliza mlichookoa Abidjan, na siku miche itakapolala, watu wangeyatazama macho yako.

Popote utakapolima, jifunze kuutambua kabla watu hawajautafutia mchawi. Angalia mmea mchana na uangalie tena jioni. Usiponyanyuka kwenye ubaridi, usimimine maji. Chimba mmoja taratibu, usiuvute, maana ukiuvuta mizizi mibovu itabaki chini na utadhani iliyobaki ndiyo yote. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu. Uliooza ni wa kahawia, na ukiubana ganda linavuka. Kwenye maua ya debeni utaona shina limenywea usawa wa udongo kama lililofungwa uzi, na ua zima linaanguka likiwa bado na rangi yake. Hilo huwadanganya wengi, wanasema lilikuwa zuri jana. Kwenye tumbaku, pasua shina. Ukishaona, ng'oa, choma, na osha jembe na viatu kabla hujavuka mpaka. Maji ya lambo usiyaguse kabisa.

Na kuliko yote, simama mahali palipoinuka utazame ni wapi mimea imekufa. Mwaka ule, yeyote ambaye angepanda kwenye ngazi za lambo angeona: vifo vilianzia kwenye mfereji, vikafuata mfereji, vikatawanyika mahali mfereji unapotawanyika. Mama yako siku ya mbuzi alikuwa amesimama upande wa juu kabisa, mwisho wa shamba, na mistari aliyoitazama kwa karibu ndiyo iliyokufa mwisho. Jicho halifuati mkondo wa maji, Nuhad. Hilo nililiona siku ile ile kwa macho yangu haya, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaogopa.

Usidhani nimekwambia wewe tu uliye mbali. Alhamisi iliyopita nilimwomba Hilal anibebe na kiti changu mpaka barazani, ambako Raghida na majirani walikuwa wakitunga majani.

"Karibu, Ustadh," Umm Nayif akasema. "Umekuja kutunga au kukagua?"

"Nimekuja kusema."

"Basi sema huku unatunga. Mdomo haushiki sindano."

Wakanipa sindano ndefu na fungu la majani. Nilitoboa jani moja, la pili likaniponyoka. Nikaiweka sindano chini, nikasema yote kama nilivyokuandikia: petunia, madebe, Ijumaa, kisu, na neno nililomjibu baba yako. Waliendelea kutunga, sindano zikipita kwenye vikonyo.

Umm Nayif ndiye aliyetangulia kusema. "Haya. Ugonjwa tumeusikia. Nani aliuita?"

"Hakuna aliyeuita. Niliuosha mimi lamboni."

"Ulikuwa unaosha vitu lamboni miaka yote, sote tulikuwa tunaosha. Mbona ugonjwa haukuua ila mwaka ule?"

"Kwa sababu mwaka ule ndipo madebe yalikuwa na ugonjwa."

"Na huo ugonjwa ulijuaje njia ya kwenda shamba la Muhsin ukaliacha langu?"

"Shamba lako liko juu, Umm Nayif, na ulipandikiza kwa maji ya kisima chako. Maji ya lambo hayapandi."

Akalifikiria. Nilidhani nimempata. Kisha akatikisa kichwa. "Wewe umesoma, mimi nilikuwapo. Alisema masikio ya mbuzi."

"Na akasema mashallah. Ulimsikia."

"Alisema akicheka." Akavuta uzi wake, akalisukuma jani lifuate wenzake. "Masikini Zumurrud. Hakuyachagua yale macho. Mungu amsamehe."

"Amina," wanawake wengine wakaitikia. "Mungu amsamehe."

Wakamsamehe, Nuhad. Mbele yangu, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti, walimwombea mama yako msamaha kwa kosa nililotoka kulitaja kuwa langu. Mmoja akanong'ona, nikasikia, "Mwacheni mzee, anataka kwenda msafi." Kisha wakaniletea chai, wakaitia sukari nyingi, kama anavyotiliwa mtoto aliyelia.

Basi nisikudanganye tena. Sikuweza kulisafisha jina lake. Nilidhani ukweli ni kama mlango: ukiufungua tu, watu wataingia. Kumbe ukichelewa sana unakuta wamejenga ukuta mahali pa mlango, na wamezoea kuuegemea. Ni Raghida peke yake aliyenijia baadaye, ana shina lililonyauka mkononi, akaniomba nimwonyeshe pa kupasua. Nikamwonyesha. Akakitazama kile kiini, kisha akasema, "Bibi Zumurrud alikuwa anajua kuhusu hii?" Nikamwambia hapana. Akatoka nje. Alikuwa analia au ana hasira, kwa Raghida havitofautiani.

Nimezungumza na Hilal. Kipande changu cha juu, chenye mizabibu mizee, hakijawahi kunywa maji ya lambo. Kinakunywa mvua tu. Hicho ni chako, na karatasi zake zimeshapelekwa zinakopelekwa. Lima humo maua yako. Usikiite fidia. Kwa mtu aliyegeukia ukuta maisha yake yote asimwone mjukuu wake, fidia hakuna.

Msamaha sitakuomba. Si haki yako kuutoa, na mwenye haki hiyo nilimwacha asimame mlangoni pangu ameinamisha kichwa. Huko ninakokwenda huenda nikakutana naye. Nitakuwa wa kwanza kusema, safari hii.

Nisalimie Fawwaz, mwambie asiuze gari mpaka mwone hali. Mbusu Lamis, mwambie mjomba wake Hilal anamkumbuka alivyompiga kwa tini mbichi alipokuja akiwa mdogo. Raghida anakusalimu, na anauliza kama petunia zinaota huko. Umm Nayif naye anakusalimu. Amesema niandike, basi nimeandika.

Mungu akuhifadhi wewe na kizazi chako, awape ardhi safi na maji safi, na asikupe kamwe ndugu msomi anayenyamaza.

Lipo agizo moja limebaki. Daktari hakuzungumza nje ya mlango bure, na huenda usinikute. Ukija wakati wa arubaini yangu, watakuwa wamejaa nyumbani, walio hai kati ya wale waliokuwapo shambani siku ile, na watoto wao. Usipitie jikoni kwa wanawake kama mgeni. Ingia mlango wa mbele, umbebe Jumana uso wake ukiwa wazi, na umtazame kila mtu aliyekaa pale, mmoja mmoja, mpaka yeye ndiye ainamishe macho. Kisha mgeuze mtoto, umtazame yeye, mbele yao wote, kwa muda unaoutaka.

Ami yako akupendaye, ambaye alipaswa kukupenda mapema zaidi,

Shakib Madlij